Askari Kanzu na Mtu wa Kizimbani

Katika semina moja ya Riwaya ya Kiswahili mwenzetu alisimama akasema kwamba riwaya ya upelelezi haina haja ya kuhakikiwa kwa kuwa inajieleza yenyewe: kuna mhalifu, kuna mpelelezi, mhalifu anakamatwa, kitabu kinafungwa. Darasa likacheka, mwalimu akaitazama saa yake, tukaendelea na Kezilahabi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka likizo nyumbani Ng'ambo, Tabora, na kule nilikuwa nimeiona hadithi hiyohiyo ikisimuliwa barazani, kwa mpangilio uleule, isipokuwa mhalifu alikuwa kijana ninayemfahamu tangu tukiokota maembe pamoja.

Nieleze kwa kifupi, maana makala haya si ya kesi, ni ya vitabu. Kijana huyo anaendesha bodaboda. Jioni moja abiria alimkodi, wakasimama njiani, abiria akampa kifurushi amshikie huku yeye akipiga simu. Wakatokea watu wawili wasio na sare. Ndani ya kifurushi kulikuwa na bangi. Abiria hakuonekana tena, si jioni ile wala mahakamani. Kijana akakaa rumande miezi. Kilichoniuma zaidi, ndugu msomaji, kilikuwa maneno ya mtaani. Mzee mmoja ambaye sote tunamwamkia shikamoo tukiwa bado mbali alinijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, askari kanzu hakosei mtu. Yule anakufuatilia mwezi mzima wewe hujui. Angekuwa msafi wangemwendea yeye?"

Sasa hebu tujiulize. Mzee yule hajawahi kufanya kazi polisi, na hajawahi kukaa mahakamani kusikiliza kesi ya dawa za kulevya toka mwanzo mpaka mwisho. Huyu askari kanzu wake asiyekosea, anayemfuata mtu mwezi mzima, anayejua yote, amemtoa wapi? Nadai kwamba, kwa sehemu kubwa, amemtoa kwetu. Ametoka katika vitabu vidogo vya jalada la rangi vilivyozunguka mabwenini na kwenye mabehewa ya reli ya kati, vikachakaa mikononi mwa kizazi kizima.

Wahakiki wetu wamezoea kuzigawa riwaya hizi na zile nyingine kuwa "pendwa" na "dhati", na wakishazigawa wanaona kazi imekwisha. Pendwa inaburudisha, dhati inafundisha. Mimi naona kinyume chake. Riwaya inayosomwa na watu wengi bila kuulizwa maswali ndiyo inayofundisha zaidi, kwa sababu msomaji hajajiandaa kubishana nayo. Tangu *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla mwaka 1965, kupitia *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba mwaka 1974, mpaka vitabu vya Joram Kiango vya Ben Mtobwa, msomaji wa Kiswahili amefundishwa namna ya kumtazama mtu anayeshukiwa. Anafundishwa kumtazama kutoka nyuma ya bega la anayemfuata.

Tuangalie fani kwanza. Msimulizi, awe ni mpelelezi mwenyewe au mtu aliyesimama karibu naye, anakuwa na habari zote muhimu mapema. Mpelelezi akidanganya jina, akivaa nguo za mwingine, akijifanya mnunuzi au mpenzi, sisi tunashangilia, kwa sababu tumeshaambiwa kwamba anayedanganywa ni mtu mbaya. Uongo wa mpelelezi unahesabiwa kuwa akili, na uongo wa mshukiwa unahesabiwa kuwa ushahidi! Hapa ndipo mbinu ya usimulizi inapofanya kazi ya hakimu. Hukumu inatolewa na sarufi ya kitabu kabla haijafika sura ya mwisho, na ndiyo maana mahakama haihitajiki. Katika hizo nilizosoma, na nimesoma nyingi kuliko ninavyopenda walimu wangu wajue, kukamatwa au kuuawa kwa mshukiwa ndiyo tamati. Hakuna mashtaka yanayosomwa, hakuna dhamana inayoombwa, na wakili hayumo hata kama mhusika mdogo wa kupita.

Ni haki kumtoa Mohammed Said Abdulla katika lawama hii, walau nusu. Bwana Msa si askari. Tangu *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa 1960, yeye ni raia mwenye kiko chake na muda wa kufikiri, na kazi yake kubwa ni kuzichambua shuku zilizokwisha kumwangukia kila mtu. Kwa Bwana Msa, anayeonekana kuwa mkosa mara nyingi siye. Na mwaka 1984 mwandishi huyohuyo alitoa kitabu kinachoitwa *Kosa la Bwana Msa*. Jina hilo peke yake ni somo. Nani mwingine katika wapelelezi wetu amewahi kupewa jalada linalokiri kwamba hata yeye anakosea? Lakini Bwana Msa ni mtu wa Unguja ya zamani na mashamba yake, na wengi waliokuja baadaye hawakumfuata yeye, walifuata bastola.

Wapo watakaosema namwonea mwandishi wa burudani, na kwamba dawa za kulevya zinaua vijana wetu kweli. Zinaua. Mwenye ndugu aliyekuwa teja hahitaji mhadhara wangu. Wala sisemi kwamba mtego ni haramu. Akina Akasha wa Mombasa walinaswa kwa mtego wa shirika la kupambana na dawa za kulevya la Marekani mwaka 2014, watu wakijifanya wawakilishi wa wauzaji wa Kolombia, mazungumzo yakirekodiwa. Wakapelekwa New York Januari 2017, na mwaka 2018 wakakiri makosa wenyewe. Baktash akapata miaka 25, Ibrahim 23. Huo ni mtego uliofikishwa mahakamani, ukawekwa mezani mbele ya mawakili wa upande wa pili, ukasimama. Hoja yangu ni kwamba riwaya zetu zinaishia pale mtego unaponasa, na msomaji anabaki akiamini kwamba kunasa ndiko kuthibitisha.

Na mazoea hayo yanatoka vitabuni yanaingia katika mambo ya serikali. Februari 2017 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza hadharani orodha ya watu 65 waliotakiwa kufika polisi kuhusiana na dawa za kulevya, baada ya kutaja wasanii siku chache kabla. Wanasiasa walikuwemo, wafanyabiashara walikuwemo, na viongozi wa dini pia. Wengine walishtakiwa baadaye, wengine walihojiwa wakaenda zao, na mfanyabiashara mmoja maarufu aliyeshtakiwa kwa kutumia heroini aliachiwa huru na mahakama ya Kisutu Oktoba mwaka huohuo. Mhakiki akiitazama orodha ile kama matini ataona ni utanzu kamili: majina yanatangulia, ushahidi unafuata kama utafuata, na hadhira tayari imeshapiga makofi. Kenya walikuwa wamelionja hilo mapema, pale majina ya wabunge yaliposomwa Bungeni Desemba 2010.

Lakini tusikimbilie kusema Kiswahili hakina mahakama katika fasihi yake. Kinayo moja kubwa, na wengi wetu tuliisoma: *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Sisi watu wa Tabora tuna haki ya kujivuna kidogo hapa, maana mfasiri alisoma Tabora School na baadaye akafundisha St. Mary's palepale mjini. Tena kizimba alikijua. Mwaka 1958, mwaka ule ule wa mkutano wa TANU wa Tabora, alishtakiwa kwa kashfa ya jinai kwa maandishi yake juu ya maofisa wa wilaya wa kikoloni, akatetewa na D. N. Pritt, wakili yuleyule wa Kenyatta kule Kapenguria, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Akalipa.

Shuleni tulifundishwa kumpenda Portia. Anajibadilisha sura, anavaa joho la mwanasheria, anaingia mahakamani, anamwokoa Antonio. Nilipokuwa kidato cha sita niliandika kwa furaha kwamba hapa ndipo tunapoona mtu aliyejificha sura akitetea badala ya kukamata, kinyume cha askari kanzu. Nikapewa alama nzuri. Sasa nimeisoma upya na nataka nirudishe zile alama. Kwanza Portia ana maslahi katika kesi: anayeokolewa ni rafiki wa mumewe, na mahakama haijui. Pili, tazameni anavyokwenda. Anamkubalia Shylock kwamba sheria iko upande wake. Anamwacha anoe kisu, anamwacha aandae mizani. Anamsogeza hatua kwa hatua mpaka ukingoni, na hapo ndipo anapolitoa lile sharti la damu, kisha sheria nyingine ya mgeni anayetafuta roho ya mwenyeji. Shylock aliingia mle ndani kama mdai, akatoka kama mkosaji, amenyang'anywa mali na dini. Je, nani alimtetea yeye kuanzia dakika ile alipogeuka mshtakiwa? Hakuna aliyesimama. Shylock alikuwa na nia mbaya, sikatai. Lakini tendo lile, kwa muundo wake, ni mtego, na mtegaji ndiye anayetoa hukumu. Kumbe hata onyesho la utetezi tunalolijua kuliko yote lina askari kanzu ndani yake.

Iko pia *Haini* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 2003. Hapo hatimaye tunaingia selo na tunakaa. Mwandishi mwenyewe alipitia kizuizini baada ya kuuawa kwa Karume Aprili 1972, na kesi ya uhaini iliyofuata Zanzibar ilikwenda bila washtakiwa kuwa na mawakili. Katika riwaya hii kutokuwepo kwa wakili hakutokani na pengo katika ufundi wa mwandishi. Ndiyo maudhui yenyewe. Shafi ametuonyesha kwamba riwaya ya Kiswahili inaweza kukaa upande wa anayehojiwa, ikasikiliza mlango ukifungwa kutoka ndani, na bado ikasomeka mpaka usiku wa manane. Naiheshimu mno kazi hiyo.

Ila kuna jambo. Mtu wa siasa akifungwa, fasihi inamwona ni mtu. Haini ana heshima fulani hata kwa maadui zake. Mtu wa kete hana! Aliyekamatwa na msokoto mfukoni, au aliyewekewa, hana mshairi. Akiwa kweli amefanya tunaona haya kumwandika, na akiwa hakufanya tunaogopa kudanganywa naye. Huu woga wa kudanganywa nauelewa, hata mimi nilikuwa nao wiki ya kwanza. Nilimuuliza mama yake kijana yule maswali ambayo sasa nayaonea aibu.

Nani basi angekuwa shujaa wa riwaya nayoitaka? Si lazima tubuni. Yuko Mavoko, Kenya. Aprili 2015 mwendesha bodaboda Josephat Mwenda alisimamishwa barabarani na askari wa utawala, Fredrick Leliman, akapigwa risasi. Kisha yeye aliyepigwa risasi ndiye akashtakiwa: kupatikana na dawa za kulevya, kucheza kamari hadharani, kukataa kukamatwa. Tazameni mpangilio wa mashtaka hayo, maana nao ni usimulizi. Dawa za kulevya zimetiwa pale kwa sababu mwandishi wa mashtaka anaijua hadhira yake. Anajua neno hilo likishatamkwa, msikilizaji atajaza mengine mwenyewe. Mwenda alilalamika, na wakili Willie Kimani wa International Justice Mission akachukua kesi yake. Tarehe 23 Juni 2016, walipotoka katika mahakama ya Mavoko, Kimani, Mwenda na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walitekwa, wakafungiwa katika kambi ya askari wa utawala ya Syokimau, wakauawa. Miili yao ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani askari watatu na raia mmoja aliyekuwa mtoa habari wa polisi. Februari 2023 Leliman akahukumiwa kifo, wengine vifungo vya miaka 30, 24 na 20.

Kutoka katika kambi ile Kimani aliandika. Alikuwa na karatasi ya chooni tu. Akaandika kwamba wako hatarini, akaweka namba ya simu ya mkewe, akaitupa nje. Mpita njia akaiokota, akapiga.

Najua ni hatari kuihakiki karatasi ile kama shairi, na sitafanya hivyo. Nasema tu hili kuhusu msomaji wake. Mtu yule aliyeiokota alikuwa na kila sababu ya kuitupa. Anayefungiwa na askari si kuna alichofanya? Tumelelewa hivyo. Yeye akaisoma bila kutanguliza hukumu. Na katika mkasa huu mzima, mtu aliyekalia kiti ambacho riwaya zetu humpa shujaa, yaani anayefuatilia kimyakimya, anayejua gari litapita wapi saa ngapi, ni mtoa habari aliyewafuatilia mpaka wakatekwa. Maungamo yake ndiyo yaliyowasaidia waendesha mashtaka baadaye. Mpeni msimulizi wa riwaya za mtego hadithi hii aisimulie kutoka nyuma ya bega la huyo bwana, muone atafika wapi.

Watu wa Unyanyembe tunapaswa kuwa wepesi wa kuyaona mambo haya, kwa maana njia ya misafara ilikuwa shule yake ndefu. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora, alishtakiwa Zanzibar na upande wa Stanley kwamba alivunja mkataba wa kutoa wapagazi. Akateremka njia nzima kutoka Kongo kuja kujibu, akafika pwani 1891, na kesi ikaondolewa. Baadaye akaandika maisha yake kwa Kiswahili, na ukiyasoma kwa jicho la sheria utaona kurasa nyingi ni utetezi wa mtu anayejua amesemwa vibaya Ulaya. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, simsafishi. Nasema kwamba yeye alikuwa na mali na wino. Mpagazi wake aliyedaiwa kuchomoa mkono wa nguo au kete za shanga katika mzigo alipigwa viboko palepale njiani na safari ikaendelea asubuhi. Utetezi wa mpagazi huyo uko wapi katika vitabu vya safari? Neno kete lenyewe limekaa muda wote likingoja mzigo mwingine.

Nirudi kwa kijana wangu, nimalizie kesi yake, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kwa nini waandishi wanaikwepa mahakama. Alipata mwanasheria wa msaada wa kisheria, dada mmoja mnyenyekevu asiyepaza sauti. Nilitegemea hotuba. Hakutoa hotuba yoyote. Aliuliza nani alikipima kifurushi, lini, na mbele ya nani. Aliuliza hati ya ukamataji imesainiwa na shahidi gani asiye askari, jambo linalotajwa katika kifungu cha 38 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Aliuliza kilipotoka kituoni kwenda kwa Mkemia kilibebwa na nani na kilipokelewa na nani. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007 iliyosikilizwa Dodoma, ilikwisha kusisitiza kwamba lazima kuwe na kumbukumbu zinazofuatana, toka kielelezo kinashikwa mpaka kinafikishwa mahakamani. Za kwetu hazikufuatana. Uzito ulioandikwa kituoni ulikuwa mmoja, uliofika ulikuwa mwingine. Kijana akaachiwa Alhamisi moja mchana, watu tisa tu tukiwemo mle ndani, wawili kati yetu wakisinzia.

Wenzangu watasema hiyo si riwaya, ni daftari. Mpelelezi ana gari, giza na bastola. Wakili ana karatasi mbili zinazopishana namba. Lakini nakumbuka pale uzito wa pili uliposomwa, mama yake alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Amesema ngapi?" Nikamtajia. Akataka nirudie. Mwandishi anayeshindwa kupata taharuki mle asiilaumu mahakama.

Na mzee wa barazani? Nilimpitia jioni ile nikamwambia kijana amerudi nyumbani. Akafurahi kwa dhati, akamwombea dua. Kisha akasema lazima yuko mkubwa aliyemsaidia.

Nimepekua rafu za riwaya katika maktaba yetu, na katika zile nilizofungua sikuona moja ambayo wakili wa mtu wa kete anapewa hata sura mbili. Mwenye nayo aiache kwa wahariri wa jarida hili na jina lake ndani. Nitaisoma kwa juma moja na kuirudisha.